Somo la Ufundi kwa Vyama vya Wavuvi: Mashine ya Kupachika Inapokosa Mafuta

Miongoni mwa mali za vyama vyetu vya msingi vya wavuvi, hakuna inayoisumbua kamati kama mashine ya kupachika. Nyavu zikichanika hushonwa papo hapo ufukweni, na boti ikivuja hutiwa kalafati. Lakini mashine ikizimika baharini wengi wetu hupigwa na bumbuazi, na tukisharudi nchi kavu huanza kumtafuta wa kumlaumu. Somo hili lahusu mashine za mipigo miwili, yaani zile zitumiazo petroli iliyochanganywa na oili, nalo litashughulika na jambo moja tu: njia ya mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta.

Yafaa tuanze na kisa. Chama kimoja cha wavuvi katika pwani yetu, ambacho hakuna faida ya kukitaja jina, kilipatwa na msukosuko wakati wa masika. Boti yake ilikuwa ikirejea alfajiri kutoka kutega jarife, na ilipokuwa ingali nje ya mwamba, mashine ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, kisha ikazimika. Nahodha na mabaharia wake watatu walivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza, na mkondo wa pwani yetu, kama kila mvuvi ajuavyo, huelekea kaskazini. Walichukuliwa kutwa nzima. Jioni jahazi moja liliwaona na kuwafunga kamba. Hakufa mtu, lakini hawakuwa na maji ya kunywa yaliyosalia, wala kasia hata moja.

Kamati ilikutana na kuamua kwamba nahodha alikuwa mzembe. Kabureta mpya ikanunuliwa na gharama yake ikakatwa katika fungu lake. Siku ya sita tangu ifungwe, kabureta hiyo mpya nayo ikagoma. Hapo ndipo mwandishi wa somo hili alipoombwa kwenda kuitazama. Tutarudi kwenye kisa hicho baada ya kueleza mambo ambayo kamati ile haikuyajua.

KABURETA HUFANYAJE KAZI?

Kabureta haina siri kubwa. Ni bomba fupi lenye koo jembamba. Mashine inapovuta hewa, hewa hiyo ikifika kooni hulazimika kwenda mbio, na hewa iendayo mbio hupungua mgandamizo. Upungufu huo ndio uivutao petroli kutoka katika bakuli dogo lililo chini ya kabureta, ikapita katika tundu dogo liitwalo jeti na kutawanyika kama ukungu. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano iuzibe mlango wa mafuta. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Ni kanuni ileile ya tangi la maji la chooni.

Jeti huwa zaidi ya moja. Iko jeti kubwa, ifanyayo kazi mashine ikienda kwa kasi, na iko jeti ndogo, ambayo hulisha mashine inapotulia au kwenda polepole. Tundu la jeti ndogo ni jembamba mno hata chembe ya kutu isiyoonekana vizuri kwa macho yaweza kuliziba. Msomaji aukumbuke mgawanyo huo wa kazi, maana ndio utakaomwonyesha mahali pa kutafuta.

Ili petroli iungue sawasawa, kilo 1 yake huhitaji takriban kilo 15 za hewa. Petroli ikizidi, mashine hutoa moshi mweusi na kulowesha plagi. Hasara yake ni ya fedha zaidi. Petroli ikipungua hatari ni kubwa mno, kwa sababu katika mashine ya mipigo miwili oili haina njia yake peke yake, bali huingia pamoja na petroli. Mashine inayonyimwa petroli hunyimwa oili pia. Pistoni hupata joto, hutanuka, hukwaruza silinda na mwisho hukwama. Mafundi husema mashine imenoki. Kwa hiyo nahodha anayeona mashine yake inadhoofika, naye akaongeza mwendo ili afike upesi, huenda akageuza hitilafu ya uchafu kidogo kuwa ya pistoni na silinda.

Kuhusu kipimo cha oili, mashine nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Mashine mpya inayozoezwa kwa kawaida hupewa oili maradufu kwa saa zake za kwanza. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa mashine za boti za mipigo miwili. Oili ya gari si badala yake.

KUITAMBUA DALILI

Kabla ya kushika spana yafaa kuuliza: mashine ilizimikaje? Ikiwa ilikatika ghafla kama taa iliyozimwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba hitilafu ni ya umeme, na pengine ni kamba ya usalama tu iliyochomoka. Lakini ikiwa ilikohoa, ikapanda na kushuka, ikadhoofika ndipo ikafa, shaka ya kwanza iwe juu ya mafuta.

Jaribio la pili ni la mkono. Katikati ya mpira wa mafuta lipo puto la mpira ambalo nahodha huliminya kabla ya kuwasha. Mashine inapodhoofika, baharia mmoja aliminye puto hilo mfululizo. Mashine ikipata nguvu tena, basi kabureta yaelekea haina kosa. Tatizo ni pampu ya mashine kushindwa kuvuta, au hewa kuingia mahali fulani kabla ya pampu. Boti nyingi zimerudi nyumbani kwa njia hii, baharia akiminya puto mwendo wote.

Jaribio la tatu ni la choki. Mashine yenye moto iliyo karibu kuzimika ikiamka unapovuta choki kidogo, ni dhahiri kwamba inapata petroli pungufu. Isitumiwe hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu ile tuliyoeleza.

Plagi nayo hutoa ushahidi. Yenye rangi ya kahawa hafifu ni ya mashine yenye afya. Nyeusi na yenye majimaji huonyesha petroli au oili iliyozidi. Nyeupe yenye sura ya kuungua ni onyo kwamba petroli ni pungufu, na onyo hilo lisipuuzwe hata kama mashine bado inakwenda vizuri.

KUIFUATA NJIA

Kosa la mafundi wengi wa ufukweni ni kuanzia mwisho. Mashine ikigoma, bisibisi huenda moja kwa moja kwenye skrubu za kabureta. Lakini skrubu haijigeuzi yenyewe usiku. Ikiwa mashine ilikwenda vizuri jana, leo kilichobadilika si kipimo. Ni kitu kilichoziba, kilichopasuka au kilichoingia. Kwa hiyo njia ifuatwe kuanzia tangi.

Kwenye kifuniko cha tangi ipo skrubu ndogo ya hewa. Isipofunguliwa, mafuta hutoka lakini hewa haiingii kushika nafasi yake, na baada ya muda petroli hukataa kutoka. Mashine huenda vizuri dakika kadhaa, kisha hufa. Ikipumzishwa kidogo, huwaka tena. Ukitazama puto utaliona limenywea na kubanana. Ni hitilafu ndogo kuliko zote, nayo imewapotezea watu siku nzima.

Baada ya tangi ni mpira. Mshale ulio juu ya puto lazima uelekee kwenye mashine. Puto likiminywa linapaswa kuwa gumu baada ya mara chache. Lisipokuwa gumu kamwe, ama hewa inaingia kwenye kiungo kilicholegea au mpira uliopasuka, ama sindano ya kabureta haizibi na petroli inamwagika, jambo ambalo pua itakwambia. Likiwa gumu mara moja na mashine bado ina kiu, kizuizi kiko mbele: chujio limeziba, au sindano imenata. Mipira iliyokaa juani kwa miaka huchubuka kwa ndani, na kipande kilicholegea hufanya kazi ya valvu, kikipitisha mafuta kidogo na kuzuia mengi. Kwa nje mpira huo waonekana mzima. Ukiutilia shaka, ubadilishe.

Chujio dogo kwenye mashine lifunguliwe na kuoshwa kwa petroli safi. Kisha pampu. Ndani yake mna kiwambo chembamba ambacho husukumwa na mipigo ya hewa kutoka chini ya pistoni. Kiwambo kikitoboka, pampu haivuti ipasavyo, na wakati mwingine petroli hupenya moja kwa moja hadi ndani ya mashine. Kiwambo ni kitu cha bei ndogo, na kila chama hakina budi kuweka angalau kimoja ghalani.

Sasa tu ndipo tumefika kwenye kabureta, na hata hapo tusiifungue kwanza. Chini ya bakuli ipo skrubu ya kumwagia. Weka chupa safi inayoonyesha ndani, fungua skrubu hiyo, na uyaache mafuta yatue kwa dakika chache. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo yakiwemo maji yatakaa chini, nawe utauona mpaka kati ya viwili hivyo wazi kabisa. Jeti huchota karibu na chini ya bakuli, mahali pale pale yakaapo maji. Matone machache yakikaa mlangoni mwake hutosha kuifisha mashine.

Mashine ikiwa inakwenda vizuri kwa kasi lakini haitulii, fikiria jeti ndogo. Ikitulia vizuri lakini ikafa unapoongeza mwendo, fikiria jeti kubwa au mafuta machache yanayofika. Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, pasipo mchanga, na kila kipande kiwekwe kwa mpangilio kilivyotoka. Jeti zisafishwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Waya wa chuma usitumike kabisa, maana hupanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Mvuvi anacho chombo kilicho bora zaidi: kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni, ambao hupita bila kukwaruza. Boya litikiswe sikioni. Likisikika lina majimaji ndani, limetoboka na halifai. Ncha ya sindano itazamwe kama ina mkato.

Skrubu ya kurekebishia mwendo mdogo, ikibidi kutolewa, kwanza ifungwe taratibu mpaka iguse, huku ukihesabu mizunguko, na hesabu iandikwe. Usiikaze, kwani ncha yake huharibika. Wakati wa kuirudisha, ipewe mizunguko ileile. Mashine yenye kabureta mbili au tatu zinazofanya kazi pamoja apewe fundi mwenye ujuzi wa kuzilinganisha.

Vijana wetu walioajiriwa katika hoteli za ufukweni huenda wamekutana na pikipiki za majini. Zile za zamani za mipigo miwili zina kabureta isiyo na bakuli wala boya, kwa kuwa chombo chenyewe huinama na kupinduka. Kazi ya boya hufanywa na kiwambo. Huko hakuna bakuli la kumwaga, na maji hayana budi kutafutwa kwenye chujio na kwenye tangi. Mengine yote tuliyoyasema huzihusu pia.

Kazi hizi zote zifanywe mbali na moto na sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutuama chini ya boti pasipo kuonekana. Tangi la kuhamishika lishushwe nchi kavu kabla ya kujazwa. Waya ya plagi ichomolewe kabla ya kuishika kabureta. Na mashine isijaribiwe ikiwa kavu: iwekwe ndani ya pipa la maji, ili pampu yake ya kupoza isiharibike.

KISA CHETU

Tulipomwaga bakuli la kabureta ile mpya, robo ya chupa ilikuwa maji. Hayo hayakuwa maji ya bahari, kwani tuliyaonja kwa ncha ya kidole. Tangi la boti lilikuwa na kifuniko kizima. Basi tukaomba kuonyeshwa petroli inakotoka.

Nyuma ya ofisi ya chama, pasipo paa, mapipa manne ya lita 200 yalikuwa yamesimama wima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na juu ya kila pipa, ndani ya ule ukingo unaozunguka, maji yalikuwa yametuama hadi kuvifunika vizibo. Mtunza ghala alisema kwa uaminifu kwamba vizibo alivikaza kwa spana. Hakusema uongo. Lakini pipa hupumua. Mchana jua hulipasha joto, hewa na mvuke wa ndani hutanuka na kupenya nje kidogo kwenye nyuzi za kizibo. Usiku pipa hupoa, kilichomo husinyaa, nalo huvuta kutoka nje chochote kilicho juu ya kizibo. Kikiwa hewa, huvuta hewa. Yakiwa maji ya mvua, huvuta maji, kidogo kidogo, kila usiku wa masika.

Tulipouliza boti nyingine za chama, ikajulikana kwamba mashine mbili nyingine zilikuwa zimekohoa katika juma lile lile. Manahodha wake walizifungua wenyewe, wakazipuliza, wakaendelea na safari bila kumwambia mtu, kwa kuogopa kukatwa fedha. Hilo ndilo ambalo kamati ilipaswa kulifikiria zaidi. Kumwadhibu nahodha wa kwanza kabla ya kuchunguza kuliwafunga midomo wengine, na habari ambayo ingeonyesha kosa liko ghalani ikapotea. Kamati, twasema kwa heshima, ilikubali kosa, na fedha za nahodha zikarudishwa mbele ya mkutano wa wanachama. Kabureta ya zamani, baada ya kusafishwa, ilifungwa kwenye boti nyingine.

UTUNZAJI WA PETROLI

Mapipa yawekwe chini ya paa, mbali na makazi na majiko, penye kupita hewa. Pipa lililojaa, ikiwa halina budi kukaa nje, lilazwe juu ya magogo, vizibo vyake viwili vikiwa katika mstari wa mlalo, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili vifunikwe na mafuta kwa ndani. Likilazimika kusimama, liinamishwe kwa kipande cha ubao hata maji ya mvua yakusanyike upande usio na kizibo. Pipa likishatikiswa au kuviringishwa, liachwe litulie usiku mzima kabla ya kutolewa mafuta. Bomba la kuvutia lisifike chini kabisa. Vidole vitatu vya mwisho viachwe, vikamwagwe na kutazamwa pembeni. Kila tangi lijazwe kwa faneli yenye chujio la wavu mwembamba.

Wako pia wauzaji wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Mashine ya petroli ikipewa mchanganyiko huo huwaka kwa taabu, hutoa moshi na kupata joto. Zipo mashine zilizotengenezwa makusudi kutumia mafuta ya taa, nazo zina mpango wake, hatuzisemi hizo. Kabla ya kutia oili, dondosha tone la petroli iliyonunuliwa juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama. Likibaki doa la mafuta, irudishwe ilikotoka. Kipimo hiki si cha maabara, lakini hugharimu karatasi tu.

Petroli iliyokaa ndani ya kabureta kwa mwezi mmoja au zaidi huacha utando wa gundi katika jeti. Kwa hiyo mashine itakayopumzishwa, mathalani katika miezi ya kusi kali, ichomolewe mpira wa mafuta ikiwa inatulia ndani ya pipa la maji, iachwe ijizimie, kisha bakuli limwagwe.

Ndani ya kila boti viwekwe plagi moja mpya, spana yake, bisibisi, kipande cha mpira wa mafuta, waya wa kufungia, chupa inayoonyesha ndani, na mshipi wa nailoni, vyote ndani ya kopo lenye kifuniko. Makasia mawili, nanga, maji ya kunywa na makoti ya kujiokolea si sehemu ya mashine, lakini ndivyo vitakavyowalinda watu wakati mashine inapofunguliwa.

Mwisho, kila chama kifungue daftari la mashine, likae kwa mtunza ghala na si kwa mwenyekiti. Safu zake ziwe tarehe, namba ya boti, lita zilizochukuliwa na pipa zilikotoka, kipimo cha oili, na maneno ya nahodha kuhusu mwenendo wa mashine aliporudi. Nahodha asiyejua kuandika aandikiwe kwa maneno yake mwenyewe. Katika chama tulichokizungumzia, mstari wa kwanza wa daftari lao jipya ulisomeka hivi: boti namba 2, lita 25, pipa la tatu, oili nusu lita, mashine imekohoa mara moja karibu na mwamba, imetolewa maji kijiko kimoja. Jioni ile ile pipa la tatu lilimwagwa chini na kutazamwa.